Karatasi ya asilimia ya mafuta isitutishe, tupimane kiuno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu mashine zinazowapima watu mafuta mwilini. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika kliniki ya kisukari na presha hapa Tanga, na hadi leo majirani zangu wa Ngamiani huniletea vikaratasi vyao niwasomee.

Mashine hizo sasa zimeenea. Ipo ile ya stendi na sokoni yenye spika, inayowaita wapita njia waje wapime urefu, uzito na mafuta kwa shilingi mia chache. Ipo mizani ya kioo katika maduka ya dawa na jimu. Na wapo wauza virutubisho wanaokushikisha kijiti cha chuma, mara kompyuta inatoa kurasa nzima za maradhi yako, na mafuta yakiwemo. Zote hutoa namba yenye nukta, na nukta hiyo ndiyo inayowamaliza watu. Mtu akisoma 43.2 anaamini mafuta yake yamepimwa kama sukari dukani. Hayakupimwa. Yamekadiriwa, na makadirio yenyewe yana mwanya mpana kuliko mwenye mashine anavyojua au anavyopenda kusema.

Jirani yangu mmoja anauza vitumbua asubuhi karibu na kituo cha bajaji. Ana miaka 36 na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Alikuja kwangu na karatasi iliyosema urefu sentimita 158, uzito kilo 74, mafuta asilimia 43.2, na chini yake neno HATARI kwa herufi kubwa. "Shikamoo mama," akaniambia, "wamesema karibu nusu yangu ni mafuta." Alikuwa ameacha chakula cha mchana, na jioni alikunywa chai ya kupunguza mwili aliyouziwa palepale alipopimwa. Maziwa yalikuwa yamepungua na mtoto analia usiku kucha. Nilimwambia, mwanangu, kwanza kale, halafu urudi tuzungumze.

Aliporudi nilichukua futi ya cherehani nikampima. Shingo sentimita 33, kiuno 78, nyonga 112. Nikazifanyia hesabu mbili zinazotumiwa sana duniani. Ya kwanza ilitungwa mwaka 1984 na Hodgdon na Beckett kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, nayo hutumia shingo, kiuno, nyonga na urefu. Ilimpa karibu asilimia 39. Ya pili ni ya Woolcott na Bergman, iliyotangazwa mwaka 2018, na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu: gawanya urefu wako kwa kiuno chako, zidisha kwa 20, jibu litoe kwenye 76 kama ni mwanamke, au kwenye 64 kama ni mwanamume. Hiyo ilimpa asilimia 35 na nusu. Basi mwanamke yuleyule, kilo zilezile, ana majibu matatu, na kati ya la juu na la chini kuna tofauti ya zaidi ya kilo tano na nusu za mafuta ambazo hakuna anayeweza kuapa kwamba zipo au hazipo.

Wasomaji wataniuliza, jibu la kweli ni lipi? Hapo ndipo pana jambo ambalo wenye mashine hawalisemi. Mafuta ya mtu aliye hai hayawezi kutolewa yakawekwa kwenye mizani. Kila njia inapima kitu kingine kisha inakisia mafuta kutokana na hicho kitu.

Njia iliyoheshimika kwa muda mrefu ilikuwa ya maji. Mtu huzamishwa na kupimwa uzito akiwa ndani ya maji, kwa sababu mafuta ni mepesi na misuli na mifupa ni mizito. Daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, Albert Behnke, aliitumia miaka ya 1940. Mwaka 1942 yeye na mwenzake Welham walitoa taarifa ya wachezaji 25 wa kulipwa wa futiboli ya Marekani. Kwa majedwali ya uzito na urefu ya wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa unene, lakini walipozamishwa ilionekana kwamba wengi wao hawakuwa na mafuta mengi. Uzito wao ulikuwa misuli. Taarifa hiyo ina zaidi ya miaka 80, na bado pale stendi mpagazi mwenye kifua kipana anaambiwa na spika, mbele za watu, kwamba ni mnene.

Mpagazi ninayemsema namfahamu. Urefu wake ni sentimita 172, uzito kilo 84. Kwa ule uwiano wa uzito na urefu tunaouita BMI anapata 28, yaani amezidi. Kiuno chake lakini ni sentimita 82 tu na shingo ni 42. Hesabu ya Woolcott na Bergman inampa mafuta asilimia 22, ile ya wanamaji inampa chini ya 12. Sina haja ya kuchagua kati ya hizo mbili. Kijana anabeba magunia tangu alfajiri na suruali yake haimbani kiunoni, hana cha kutibiwa.

Nirudi kwenye maji, maana hapa kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Baada ya kujua uzito wa mwili kwa ujazo wake, yaani msongamano wake, lazima uwe na kanuni ya kuugeuza kuwa asilimia ya mafuta. Kanuni maarufu ni ya William Siri: gawanya 495 kwa msongamano wa mwili, kisha toa 450. Ndani yake kuna dhana kwamba mafuta yana gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, na kila kitu kingine mwilini kina gramu 1.1, kwa kila binadamu. Hiyo 1.1 ilitokana na miili ya marehemu wachache sana. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kwa Wamarekani weusi waliowapima, sehemu isiyo mafuta ilikuwa nzito zaidi, karibu 1.113, kwa sababu ya mifupa iliyoshiba madini na misuli zaidi. Mwanariadha mweusi asiye na mafuta mengi akipimwa kwa kanuni ya Siri anaweza kutoka na mafuta chini ya sifuri, jambo lisilowezekana kwa kiumbe hai.

Sasa fikiria safari ya hiyo namba. Watafiti wanazamisha watu majini, wanapata jibu lenye dhana ndani yake. Wengine wanachukua jibu hilo na kutengeneza nalo majedwali ya kukadiria mafuta kwa kubana ngozi na koleo na kupima unene wa mkunjo wake. Majedwali ya Durnin na Womersley, ambayo walimu wa mazoezi wameyatumia kwa miaka mingi, yalitoka mwaka 1974 kwa watu 481 wa Glasgow, Uskoti. Kisha kiwanda kinatengeneza mizani ya umeme na kuilinganisha na majibu ya watu wa kwao, halafu mizani inashushwa bandarini, inafika Tanga, na mama wa vitumbua anaambiwa 43.2. Kwa kila hatua kosa dogo limepanda juu ya jingine. Zipo njia bora zaidi, kama mashine ya eksirei iitwayo DXA inayotenganisha mifupa, misuli na mafuta, lakini hiyo ni mashine ya hospitali kubwa na vituo vya utafiti, haimfikii mtu wa kawaida. Na hata yenyewe hukadiria.

Nieleze mizani ya umeme kidogo, maana ndiyo inayowadanganya watu wasomi. Unavua viatu, unakanyaga vibati vya chuma. Umeme mdogo usiousikia unaingia mguu mmoja na kutokea mguu wa pili. Umeme hupita kwa urahisi penye maji yenye chumvi, na misuli imejaa maji hayo. Mafuta yana maji kidogo, kwa hiyo huuzuia. Mashine inasoma umezuiwa kiasi gani, inakisia una maji kiasi gani, inachukulia kwamba maji ni asilimia 73 ya mwili usio mafuta, inatoa hesabu hiyo kwenye uzito wako, na kinachobaki inakiita mafuta. Kwa hiyo inachosoma hasa ni maji. Ukipima baada ya kutoka jasho kwenye jua la saa nane, umeme unapita kwa shida na mashine inakuongezea mafuta usiyokuwa nayo. Ukipima miguu imevimba maji, inakupunguzia.

Hili la kuvimba halinitoki moyoni. Wagonjwa wa moyo na figo huvimba miguu, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Mtu kama huyo akipanda mizani ya umeme anaweza kusomewa misuli mingi na mafuta machache. Anapongezwa, anaondoka, anakaa nyumbani wiki kadhaa akiamini yuko salama, ilhali alipaswa kupelekwa kwa daktari siku ileile. Mashine haijui kutazama miguu ya mtu.

Tena mizani ya kukanyaga tu hupitisha umeme miguuni na nyongani. Tumbo, ambalo ndilo lenye habari, umeme hauligusi sana. Na ile ya stendi isiyo na vibati vya chuma, ambayo unaipanda na viatu vyako, haipitishi umeme wowote. Imechukua urefu na uzito, ikafanya hesabu, basi. Kumpima mtu kilo na kumtangazia mafuta yake ni sawa na kupima gunia la nazi na kutangaza tui litakalopatikana. Mwenye kifaa cha moyo cha kurekebisha mapigo na mama mjamzito hawatakiwi kupanda mizani ya umeme kabisa, na sijapata kumsikia mwenye mashine akiwauliza watu hilo.

Sisemi mafuta si tatizo. Nimefunga vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Tatizo lipo na ni kubwa. Ninachopinga ni kuwatisha watu kwa namba isiyotengemaa, wakati namba iliyo bora wanayo nyumbani bure.

Kwanza watu waelewe kwamba mafuta ni sehemu ya mwili. Ubongo, mishipa ya fahamu na uboho vina mafuta ambayo hayatakiwi kuondoka. Kwa mwanamume hayo ya lazima hukadiriwa kuwa asilimia 3 ya uzito wake, kwa mwanamke karibu 12, kwa sababu mwili wake umeandaliwa kubeba mimba na kunyonyesha. Msichana akikonda kupita kiasi hedhi hukatika. Mwanamke kuwa na asilimia kubwa kuliko mumewe ndiyo maumbile, na mtu mzima wa miaka 60 atakuwa na mafuta zaidi ya alivyokuwa na miaka 25 hata kama kilo hazikubadilika, kwa kuwa misuli hupungua. Hakuna jedwali moja la asilimia ya mafuta lililokubaliwa kwa dunia nzima. Yale yanayochapwa nyuma ya karatasi na kubandikwa ukutani jimu, kila mmoja ana lake.

Pili, mafuta hayafanani. Daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille aliandika tangu mwaka 1947 kwamba wanaonenepa juu na tumboni ndio wanaopata kisukari na maradhi ya mishipa zaidi, kuliko wanaonenepa nyonga na mapaja. Miaka yote iliyofuata imemthibitisha. Mafuta ya nyonga hukaa chini ya ngozi na hayana fujo nyingi. Mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na matumbo, hayakai kimya. Yanamwaga asidi zake kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, insulini inaanza kushindwa kazi, sukari inapanda, presha inafuata. Jirani yangu wa vitumbua amejaaliwa nyonga za sentimita 112. Kilo zake nyingi ziko huko. Ni umbo la mama yake, na la bibi yake niliyemfahamu, ambaye alikufa mzee sana bila kisukari.

Kliniki tulilijua hili kwa uchungu zaidi miaka ile dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa nchini, mwaka 2004 na kuendelea. Moja ya dawa za mwanzo iliitwa stavudine. Iliokoa watu wengi, lakini baadhi yao ilikausha mafuta ya mashavu, mikono na miguu, na wengine tumbo likakua. Unampima mtu kilo ni zilezile, mizani haikusema neno, lakini mwanamke anakuja amejifunika mtandio usoni kwa sababu mtaa umeshamsoma. Shirika la Afya Duniani lilishauri baadaye dawa hiyo iachwe na ikaachwa. Tangu hapo siwezi tena kumwangalia mtu kwa kilo peke yake. Na nielezee pia, kwa wasomaji vijana, kwamba wazee wao wanaposifia unene si kwa ujinga. Waliishi miaka ambayo kukonda kulikuwa tangazo la msiba.

Sasa kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini. Simama wima, ondoa khanga na fundo lake, inua blauzi. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho wa chini, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima. Watu wengi hupima mahali wanapofungia sketi au mkanda, na wanaume wenye vitambi hupima chini ya kitambi, wakajipa sentimita nzuri zisizo zao. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo. Futi ikae mlalo, iguse ngozi bila kubana. Pima mara mbili.

Ukishapata namba, swali linalofuata ni ilinganishwe na nini. Hapa tena nina jambo la kusema kwa sauti. Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lilitoa mwongozo mwaka 2006 likiweka mpaka wa kiuno wa sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake wa Ulaya. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara mwongozo ukasema tutumie hizohizo za Ulaya mpaka zetu zipatikane. Baadaye tafiti za Afrika Kusini kwa watu weusi zikaonyesha mpaka wa wanawake uko juu ya 80, na wa wanaume uko chini ya 94. Maana yake ni nini kliniki? Kwamba tunaweza kuwa tunawatisha akina mama wasiostahili, na kuwaacha waende zao akina baba waliostahili kuonywa. Vyuo vyetu vina wasomi, na wagonjwa tunao. Sioni kwa nini namba zetu tuendelee kuazima.

Kwa sababu hiyo napendelea kipimo kisichotegemea sana rangi wala nchi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilikipitisha mwaka 2022 kwa watu wazima wa jinsia zote. Kiuno kikiwa kati ya nusu na chini ya asilimia 60 ya urefu, hatari imeongezeka. Kikifika 60 na kuendelea, hatari ni kubwa. Asiye na futi achukue uzi, aukate sawa na urefu wake, aukunje katikati na auzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, aende akapime presha na sukari, ambavyo ndivyo vipimo vyenye kauli. Mjamzito hahusiki, wala mwenye tumbo lililojaa maji kwa ugonjwa wa ini, na aliyenenepa sana haongezewi habari yoyote na futi, huyo aende kliniki moja kwa moja.

Mama wa vitumbua: 78 kwa 158, chini ya nusu. Nilimpima presha, ikawa njema. Nikamwambia akipunguza vitumbua anavyoonja akipika na akitembea kwenda sokoni badala ya bajaji itamfaa, lakini wakati ananyonyesha asifunge mlo hata mmoja.

Aliyenipa wasiwasi ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye karatasi yake ilisema AFYA NJEMA. Urefu 170, kilo 68, mikono na miguu myembamba. "Mimi sina mafuta, nesi," aliniambia. Nikamwomba afungue shati. Kiuno sentimita 95, zaidi ya nusu ya urefu wake, na ile hesabu ya 2018 inampa mafuta asilimia 28. Nilimsihi aende hospitali akapime sukari kabla hajafungua kinywa asubuhi, na akaenda. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Ila sasa yuko kwenye dawa, na baiskeli aliyokuwa ameitundika stoo imetiwa mpira mpya.

Niseme kidogo kuhusu zile chai. Muuzaji aliahidi kwamba asilimia tano ya mafuta itaondoka kwa wiki moja. Kwa mtu wa kilo 74, asilimia tano ya mwili ni karibu kilo tatu na robo tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi, jumla inapita 28,000. Mwanamke anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hata asiporamba chumvi wiki nzima, atakuwa ametumia 14,000. Haiwezekani kwa hesabu ya darasa la tano. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo wazee wetu wa pwani waliitumia kufungua choo, tena kwa siku moja au mbili na kwa kipimo. Kinachopungua ni choo na maji. Na nimeshaeleza, mwili ukikauka maji mashine ya umeme husoma mafuta yameongezeka, kwa hiyo mteja anarudi kupima, anaogopa zaidi, ananunua pakiti ya pili.

Mwezi Januari 2025 jopo la wataalamu chini ya jarida la tiba la Lancet lilitoa kauli kwamba BMI peke yake isitumike kumwita mtu mgonjwa wa unene, ni lazima ithibitishwe kwa kiuno au kipimo kingine cha mafuta, na zaidi ya hapo itazamwe kama viungo vya mtu vimeanza kuathirika. Wamesema kwa lugha yao kile ambacho muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari angewaambia.

Ndugu Mhariri, nina maombi matatu kwa gazeti lako. Ukurasa wa afya unapochapa jedwali la asilimia ya mafuta, uandike limetokana na watu gani na wa umri gani, au usilichape. Pili, chapeni mchoro wa mahali pa kupima kiuno, mkubwa, ambao mtu anaweza kuukata na kuubandika ukutani, na mwenye zahanati naye aubandike. La tatu ni kazi ya mwandishi wa habari na mimi siiwezi. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya muuza nyama na kubandika stika, nasi tunaiheshimu stika hiyo. Naomba mwandishi wenu aende pale stendi, kisha aende kwa Wakala wa Vipimo na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, aulize ni nani anayehakiki ile namba ya mafuta inayotolewa na mashine yenye spika, na ni nani aliyempa mwenye mashine ruhusa ya kuchapa neno HATARI na kuuza chai chini ya mwavuli huohuo. Akipata majibu yachapwe pamoja na majina ya ofisi zilizojibu, tuyasome.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga